Ekseli ya Mteremko wa Stannick

Leamington, 3 Machi 1958

Kwa Bi. Hester Dunnage,

Kuna jambo nimelificha kwa miaka arobaini na saba, nami nakuandikia ili nilitoe kabla sijafa. Ekseli iliyovunjika chini ya baba yako kwenye mteremko wa Stannick, ikamuua mjomba wako Enoch Tandy, haikuvunjwa na jiwe wala na mwendo. Ilikuwa na ufa wa siku nyingi. Niliuona ufa huo kwa macho yangu, na mbele ya baraza la uchunguzi nikaapa kwamba haukuwapo.

Jina langu huenda unalikumbuka. Nilikuwa mhandisi wa ekseli katika kiwanda cha motokaa huko Coventry, alikofanya kazi baba yako, Walter Gossage, mjaribu magari. Nilikuja kwenu kunywa chai mara chache. Ulikuwa mtoto mdogo, ukaniwekea sungura mapajani.

Siku ile baba yako alikuwa akiteremka na chasisi tupu, isiyo na bodi, kama tulivyokuwa tukizijaribu zote: kiti cha ubao mbele, mifuko ya mchanga nyuma badala ya abiria. Mjomba wako, aliyekuwa fundi wetu, alikaa juu ya mifuko ili aitazame ekseli ikifanya kazi. Shafti ya kulia, ule mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu, ikakatika, gurudumu likatoka, Enoch akarushwa kwenye ukuta wa shamba. Nilipofika walikuwa wamekwisha mfunika. Nikaokota kipande cha shafti na kukigeuza nione kilipokatika. Chuma kinachovunjwa na pigo moja hung'aa kote, chembe tupu, kama chumvi ya mawe. Hiki kiling'aa pembeni kidogo tu. Kwingine kote kilikuwa cheusi na laini, kimesuguana chenyewe kwa chenyewe muda mrefu.

Mchunguzi wa vifo alikuwa daktari mzee aliyejua farasi kuliko motokaa. Aliniuliza weusi ule ni wa nini. Nikamjibu, "Grisi, bwana. Imeingia baada ya kuvunjika." Akaandika. Akauliza basi ilivunjwa na nini. Nikasema jiwe, na mwendo mkali. Baba yako alikuwa ameketi akinitazama.

Kumbukumbu za kiwanda ziliteketea kwa mabomu ya mwaka 1940, na waliokuwapo wamekufa. Nimebaki mimi. Daktari wa hapa akimaliza kuusikiliza moyo wangu hufunga mkoba wake, akaanza kunizungumzia hali ya hewa. Siombi unisamehe. Naomba ujue.

Wako kwa heshima,
Ambrose Lyddon

*

Coventry, 9 Machi 1958

Bwana Lyddon,

Nakukumbuka. Ulikuwa na kola nyeupe na ulimwogopa sungura.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni mpaka viazi vikaungua. Unasema huombi msamaha. Vizuri, maana sina wa kukupa.

Acha nikuambie usiyoyaona, kwa kuwa ninyi watu wa ofisini mlikuwa na mlango wenu wa kuingilia. Kiwanda hakikumfukuza baba. Wenzake walimfanyia wanachofanya watu wa hapa: walimnyamazia. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Akisalimia, wanageuza migongo. Akiomba spana, wanaiweka sakafuni ainame aiokote. Alivumilia majira yote ya baridi, halafu akaenda kuchoma matofali Nuneaton, akafa mwaka 1931 akiwa mchoma matofali. Shule yangu yote ni matofali yale.

Mama yu hai. Keziah Gossage, zamani Keziah Tandy. Unajua kwamba Enoch alikuwa mdogo wake; sijui kama unajua kuwa mama ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga, mama yao alipofariki. Baada ya ajali mama aliendelea kuishi na baba nyumba moja hadi kifo cha baba. Alimpikia, alimfulia, na hakumwita tena kwa jina. "Hetty, mwambie baba yako supu iko mezani." Na baba yupo hapo hapo mezani, kijiko mkononi. Alipokufa, mama alikataa nafasi iliyoachwa ubavuni pake, akajitafutia nyingine karibu na Enoch, upande wa pili wa makaburi. Ameniapisha nimzike huko. Sasa mapafu yake yamejaa maji, na hatafika majira ya joto.

Kwa hiyo barua yako imekuja kwa wakati wake. Nitamsomea. Nataka alitaje jina la mumewe kabla hajafa, na nataka nimlaze ubavuni pake. Sina haja nyingine. Niandikie habari zote kwa maneno ambayo mama atayaelewa. Ufa ulitoka wapi? Na usinipambie.

H. Dunnage

*

Leamington, 14 Machi 1958

Bi. Dunnage,

Ufa ulitoka kwenye penseli yangu.

Miaka ile ekseli ya nyuma ilikuwa ugonjwa wa kila kiwanda. Injini zilikuwa zimeongezwa nguvu, barabara zilikuwa zile zile za mikokoteni, na ekseli ilikuwa katikati, inapigwa na hii na ile. Magari yetu yalikuwa yakirudishwa yamevutwa na farasi, na wenye farasi wakicheka njia nzima. Nilikuwa nimetoka chuoni na vyeti vyangu. Nikaambiwa, haya, iimarishe.

Niliongeza unene wa shafti karibu urefu wake wote. Chini ya ganda la ekseli nikafunga nondo na kuikaza kwa nati, ili ganda lisibonyee katikati. Lakini gurudumu lilikuwa lile lile na tundu lake lile lile, kwa hiyo ncha ya shafti ilibidi ibaki nyembamba. Pale unene unapokutana na wembamba nilichora ngazi, kona iliyokatwa wima kabisa. Ilipendeza kwenye karatasi. Leo mwanafunzi yeyote atakuambia kona kama ile lazima iviringwe, kwa sababu taabu yote ya chuma hukimbilia pale. Mimi sikujua.

Tuliijaribu karakanani kwanza. Tuliibana upande mmoja, na upande wa pili tukafunga mkono mrefu wa chuma na kuuning'inizia mizigo. Shafti ya zamani ilisokotwa kama nguo inayokamuliwa. Yangu haikusogea. Enoch aliurukia ule mkono akawa anabembea. Pale karakanani walikuwa wakiniita Profesa. "Profesa," akasema, "hii itatuzika sote, halafu iende yenyewe kanisani kutuombea!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Tuliipima nguvu; hatukuipima uchovu. Shafti inayostahimili mzigo mkubwa mara moja inaweza kushindwa na mzigo mdogo unaoikunja kila gurudumu linapozunguka. Hilo liliachiwa barabara, na barabara ilikuwa kazi ya baba yako. Mifuko yake ya mchanga alikuwa ameipa majina ya wakurugenzi. "Huyu hapa," aliniambia akiupiga mfuko mmoja kofi, "ni mzito, hafanyi kitu, na lazima abebwe. Nimemkalisha juu ya ekseli yako, tuone." Nilimpenda baba yako, Bi. Dunnage. Ndiye aliyenifundisha kuendesha. Ndiye wa kwanza pale kuniambia kwamba kazi yangu ni nzuri.

Basi ufa ulianzia kwenye kona yangu na kuila shafti kidogo kidogo, mwembamba kuliko unywele, chini ya grisi. Baba yako asingeweza kuujua, wala mtu mwingine yeyote. Mama yako aambiwe hivyo. Humu nimeweka kauli yangu, niliyoitia sahihi mbele ya wakili. Itumie utakavyo.

Wako,
A. Lyddon

*

Coventry, 25 Machi 1958

Bwana Lyddon,

Nilimsomea mama barua zako zote mbili Jumapili, baada ya chai. Nilipofika penye ufa wa siku nyingi aliketi wima, yeye ambaye hajaketi bila mito tangu mwezi uliopita. Nikasema moyoni, sasa. Sasa atamtaja.

"Basi ni yeye," akasema. "Nilijua tu ni yeye."

"Mama, husikii ninachosoma? Shafti ilikuwa na ufa. Hakuna jiwe. Baba hakukosa kitu."

"Wewe ndiye husikii, Hetty. Si aliigonga?"

Basi niruhusu nikusimulie habari za karakana yako mwenyewe, Bwana Lyddon, kama mama alivyonieleza, kwa kuwa inaonekana umezisahau. Kabla ya kila safari ya mlimani, magurudumu ya nyuma yalifunguliwa na shafti zote mbili zikachomolewa. Zilipelekwa kile chumba kidogo cha nyuma, mbali na kelele za mashine, zikatundikwa kwa ukanda wa ngozi. Mwendeshaji akaingia, akafunga mlango, akazigonga kwa nyundo ya shaba. Shafti nzima hulia kama kengele, na mlio hukaa. Yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Na sheria ya wazee wa karakana ilikuwa moja: anayepanda gari ndiye anayegonga na ndiye anayesikiliza. Akitoka na kusema "Nzima," hakuna wa kumbishia, hata meneja. Ni kweli au si kweli?

"Na baba yako alikuwa kiziwi," mama akasema.

Sikujua. Nilijua hasikii vizuri. Nilidhani ni uzee na moshi wa tanuri. Kumbe masikio yalikwisha mapema, kwa kukaa nyuma ya injini zilizo wazi mwaka baada ya mwaka. Alificha, kwa sababu mjaribu kiziwi hana kazi. Mama alimsihi aache, hakuacha. Siku ya maziko ya Enoch alimshika koti, akamwuliza, "Uliigonga?" Akasema, "Niliigonga." "Uliisikia?" Akasema, "Sikusikia kitu, Kezzie." Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyosemezana kama mume na mke.

Unaona ulichofanya? Muda wote huu mama alikuwa na shaka moja ndogo ya kumtetea nayo: huenda kweli ni jiwe. Huenda shafti ilikuwa nzima, na masikio yake hayakuhusika. Kwa shaka hiyo alimpikia supu. Wewe umemnyang'anya. "Aliigonga imekufa," anasema, "akatoka akasema nzima, akampandisha mtoto wangu juu yake." Mtoto wangu, anamwita Enoch. Anayarudia hayo mchana kutwa, na nesi wa mtaa amekwisha yajua kwa moyo.

Kuna na hili. Wenzake walipoanza kumnyamazia, zilipita siku kadhaa baba hajatambua. Alidhani wanaongea kama kawaida yao.

Kauli yako yenye muhuri wa wakili nairudisha humu. Haina kazi hapa.

H. Dunnage

*

Leamington, 2 Aprili 1958

Bi. Dunnage,

Ni kweli, sheria ilikuwa hivyo. Sikuitaja kwa sababu sikuona itamsaidia nani. Masikio ya baba yako yalikuwa siri yake, na nilidhani amezikwa nayo.

Habari za asubuhi ile sizikumbuki vizuri. Mimi ni mzee, na wiki hii nimewekewa oksijeni. Mama yako naye anahitaji utulivu. Nakusihi tuliache jambo hili hapa. Kilichoua ni kona niliyoichora, na kona hiyo nimeikiri.

A. L.

*

Coventry, 11 Aprili 1958

Bwana Lyddon,

Mama amefariki Jumatano. Hakumtaja. Nilimshika mkono nikamwambia, "Mama, sema tu Walter, neno moja." Akageuzia uso ukutani. Pale pale, bila hasira yoyote, kama mtu anayekataa chai ya pili.

Maziko ni Jumanne. Mchimba kaburi amekuja mlangoni na kofia mkononi. "Samahani mama, ni wapi sasa? Kwa mzee au kule kwa kaka? Maana ardhi ya upande ule ina mawe, nikianza nianze mapema." Nimemwambia nitampa jibu Jumatatu asubuhi.

Niliapa, na mimi si mtu wa kuvunja viapo. Lakini kiapo kile mama alikijenga juu ya jambo moja: kwamba baba alimpandisha Enoch juu ya chuma asichokisikiliza. Kama ndivyo, mama atalala kwa Enoch na mimi nitanyamaza. Kama sivyo, nitamlaza kwa mumewe, na aniamkie kwa ugomvi siku ya mwisho.

Barua yako fupi imeniambia kuliko zile ndefu. Ulijua kwamba ni kiziwi. Mama alidhani ni yeye peke yake aliyejua.

Nami nimekumbuka kitu. Nilipokuwa mdogo, baba alipenda nikae mbele yake, nikielekea jiko. Birika lilipopiga mluzi, mimi niligeuka, na yeye akasimama kulitoa motoni. Mtu akibisha mlango, alinitazama mimi kwanza, halafu ndiyo akaenda kufungua. Nilidhani ni mchezo wetu. Baba hakuwa mtu wa kubahatisha, Bwana Lyddon. Aliyehitaji uso wa mtoto ili ajue maji yamechemka hakugonga chuma cha kupandia watu bila kuwa na uso wa mtu mbele yake.

Mle ndani, mlango umefungwa, alikuwa akimtazama nani?

Hester Dunnage

*

Leamington, 12 Aprili 1958

Bi. Dunnage,

Alikuwa akinitazama mimi.

Nesi ameahidi barua hii itaondoka na posta ya mchana, ili ikufikie kabla ya mchimba kaburi. Naandika nikiwa kitandani, yanayosomeka vibaya nisamehe, hayo tu.

Aliniambia mwenyewe, tukiwa barabarani, akipiga kelele bila kujua kwamba anapiga kelele. "Profesa, masikio yamekwenda. Wakijua, Kezzie na mtoto watalala njaa." Nikamwambia hawatajua. Tukapatana. Nitaingia naye chumbani kila mara, kama mhandisi anayeipenda mno kazi yake, nisimame ng'ambo ya shafti. Mlio ukiwa mzuri, nainamisha kichwa. Ukiwa mbaya, navua miwani. Wenzake walidhani ni majivuno yangu. Enoch alikuwa akibisha mlango na kuuliza, "Mmefika kwenye amina, au bado mnasali?" Baba yako hakusikia, kwa hiyo nilikuwa nikicheka peke yangu.

Hatukudhani tunafanya uovu. Masikio yangu yalikuwa mazuri, na tuliona masikio ni masikio, yawe ya huyu au ya yule. Ilinichukua maisha yangu yote kuelewa kwa nini wazee wa karakana waliweka sheria yao vile. Anayesikiliza lazima awe ndiye atakayepanda. Mimi sikuwa napanda.

Mama yako alimwuliza kama alisikia, naye akamjibu kweli: hakusikia kitu. Angeweza kuongeza kwamba Lyddon alisikia kwa niaba yake. Hakuongeza, kwa sababu tulikuwa tumeahidiana, na kwa sababu aliniamini. Mbele ya baraza alinitazama usoni muda wote nilipokuwa nikisema, akingoja ishara ajue ninasema nini. Sikumpa. Alikuja kuyasoma gazetini. Na aliposoma kwamba ni jiwe, aliamini ni jiwe, Bi. Dunnage, akajilaumu kwa jiwe ambalo halikuwapo mpaka akafa, kwa sababu hakuweza kufikiri kwamba shafti ilikuwa mbovu. Alikuwa ameniona.

Wenzake walipomnyamazia, mimi sikuwa mtu wa karakana. Sheria yao haikunihusu. Nilimnyamazia vilevile.

Asubuhi ile wakurugenzi walikuwa wakingoja Stannick pamoja na mnunuzi kutoka London, aje aone ekseli isiyovunjika. Mhandisi mwingine alikuwa na michoro yake mezani kwa meneja, inangoja yangu ianguke. Nilikuwa nimemwambia kila mtu, hata mama yangu, kwamba haianguki.

Baba yako aligonga shafti ya kushoto. Ililia vizuri, na mlio ukakaa. Nikainamisha kichwa.

Akagonga ya kulia. Haikulia. Ilitoa sauti ya kikombe chenye ufa kikiwekwa juu ya meza, fupi, ikaisha pale pale. Nilijua ni nini kabla nyundo haijarudi nyuma. Nikafikiri: safari moja tu, mbele ya mnunuzi, halafu kesho nitaibadilisha kimya kimya. Baba yako aliinua macho akanitazama, akitabasamu kidogo, kama alivyozoea, akingoja.

Nikainamisha kichwa.

Ambrose Lyddon